Wastani Uko Sawa

Kwenye chuo chetu cha wafamasia hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tulimwita Mama Desimali, naye alijua, na sidhani kama lilimkera. Alikuwa fundi wa maabara ya vipimo: mwanamke mfupi, koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe, miwani imefungwa uzi shingoni. Alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya mwanafunzi bila kusema neno mpaka mwanafunzi atokwe na jasho. Ukiweka nukta mahali pasipo pake hakukufokea. Aliuliza tu, "Huyu mgonjwa umempa dawa mara kumi zaidi. Sasa nimpigie nani simu, mama yake au mke wake?" Ukarudi kwenye karatasi yako kimya kimya.

Hakuwa na vyeti vingi. Aliingia pale akiwa msichana wa kuosha vyombo vya kioo. Mwaka wa kwanza, alituambia, alivunja vyombo kumi na saba, na kila kimoja alikuwa anakikumbuka. Halafu akaanza kuuliza maswali. Kwa nini mstari huu umechorwa hapa? Kwa nini maji kwenye mrija unayasoma pale chini yanapobonyea, si kule pembeni yalikopanda? Fundi wa wakati ule, mzee aliyebakiza miaka michache astaafu, akachoka kujibu. Akamwambia, "Mwanangu, nenda kasome basi, utanimaliza." Akasoma masomo ya jioni, akapata cheti, mzee alipoondoka akairithi maabara. Sisi tulipoingia alikuwa na miaka ishirini na sita mle ndani, na mbele ya mizani yake hata kupumua kwa nguvu ilikuwa kosa.

Somo lake la kwanza lilitufanya tucheke. Alileta kifuniko kimoja cha soda, akatuambia kila mtu akipime mara tano, aandike. Tulikuwa thelathini na wawili. Kifuniko kilikuwa kimoja, mizani moja, lakini ubaoni zilijaa namba ambazo hazikufanana.

"Nani kakosea?" akauliza.

Tukaanza kunyosheana vidole.

"Hakuna aliyekosea. Kipimo hakiji peke yake, jamani. Kinakuja na ndugu zake. Kuna wastani, yaani pale katikati, halafu kuna mtawanyiko, yaani hao ndugu wamesimama mbali kiasi gani na hapo katikati. Ukiniletea wastani bila mtawanyiko, umeniletea nusu ya habari. Na nusu ya habari kwenye dawa inazika mtu."

Tuliandika maneno hayo kama tulivyoandika mengine yote, kwa ajili ya mtihani.

Mume wake alikuwa fundi cherehani. Kila mtu alimwita Fundi tu, hata yeye mkewe. Alikuwa mrefu, mcheshi, na alishonea barazani kwao, nyumba ya tatu kutoka geti la chuo, kwa hiyo sisi wanafunzi tulimpelekea suruali za kupunguza na zipu zilizokwama. Miaka miwili kabla, kiharusi kidogo kilimpitia. Kilimwacha na mdomo ulioegemea upande mmoja na koo lisilomeza vizuri, kisha kikamletea kifafa. Vidonge vilimkwama kooni, na hata hivyo vilikuwa vimeadimika. Alichokuwa anatumia ni dawa ya maji iliyotengenezwa kwenye chumba cha dawa cha hospitali ya jirani, ile ile tuliyokwenda kufanyia mazoezi. Lebo ilisema miligramu mia moja ishirini na tano katika kila mililita tano, na hicho ndicho kipimo alichoandikiwa, asubuhi na jioni. Kwa dawa hiyo alikaa miezi kumi na moja bila kuanguka, akarudi kwenye cherehani yake.

Hawakujaliwa watoto. Aliyekuwa anaishi nao ni dada yake Fundi, mjane, mama mpole mwenye haraka ya mikono. Mama Desimali na huyo wifi yake walikuwa wanapendana kwa namna ya kutaniana kutwa nzima. "Wifi, chumvi umeipima kwa mizani gani leo?" "Kwa mizani ya njaa yako, wifi."

Sasa dawa yenyewe. Ilikuwa ya aina isiyoyeyuka majini. Ni unga unaoelea, ukiachwa unatuama chini kama mchanga. Ndiyo maana kila chupa ya namna hiyo imeandikwa "tikisa kabla ya kutumia". Pale hospitali waliitengenezea kwenye pipa la chuma lenye bomba chini na panga la kukoroga juu, linalozungushwa na mota. Mwezi wa pili wa mwaka wetu wa mwisho mota ikaungua. Unga wa kuyafanya maji yawe mazito, ule unaozuia dawa isizame haraka, nao ukaisha. Wahudumu wakawa wanakoroga kwa mwiko wa mbao, kisha wanafungua bomba na kujaza chupa moja baada ya nyingine. Mwiko ukitulia, unga unashuka. Chupa za kwanza zikapata unga mwingi. Za mwisho zikapata maji yenye rangi.

Hilo hakuliona mtu. Mama Desimali ndiye aliyeona, tena kwa sababu ya mume wake. Fundi alikuwa ameanza kupepesuka. Maneno yakawa mazito mdomoni, macho yakawa yanachezacheza. Jirani wakasema kiharusi kinarudi. Yeye akatazama chupa mezani, na kesho yake akaja darasani na kreti lenye chupa kumi alizowaomba wahudumu wa hospitali, zote za pipa moja, zimepangwa kwa jinsi zilivyojazwa, ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Leo hatupimi vifuniko," akasema.

Kila meza ilipewa chupa moja. Tukatikisa, tukavuta mililita tano, tukafanya kazi yetu, tukasoma mashine. Meza yetu ilikuwa ya tisa. Tulipata miligramu themanini na tano. Nikajua tumeharibu, tukarudia mara tatu, tukapata themanini na tano. Nikaenda ubaoni kwa aibu. Nilipofika nikakuta meza ya kwanza wameandika mia na themanini na moja, nao wana aibu kama mimi. Mia na sitini na sita. Mia na hamsini na mbili. Namba zikashuka kama ngazi mpaka meza ya kumi: sabini na nane.

Mwenzetu mmoja, hodari wa kujumlisha, akapiga hesabu haraka. Elfu moja mia mbili na hamsini, gawanya kwa kumi. "Mia moja ishirini na tano kamili!" akasema, akapiga makofi. "Mwalimu, wastani uko sawa kabisa!"

Mama Desimali alivuta kigoda akakaa. Kwa miaka mitatu hatukuwahi kumwona amekaa maabara.

Mimi na mwenzangu ndio tuliobeba kreti kumfuata kwa Mfamasia Mkuu wa hospitali, ndiyo maana yaliyosemwa niliyasikia kwa masikio yangu. Huyo Mfamasia Mkuu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na bado alisimama akimwona.

"Karibu, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Tazama hii."

Akatazama karatasi. Akaitazama muda mrefu. Kisha akafungua faili, akatoa fomu ya pipa lile lile. "Sisi tulichukua chupa sita tukapata mia moja ishirini na sita. Nimeshasaini."

"Hiyo ni wastani."

"Fomu inauliza wastani, Mwalimu. Nafasi ni hiyo moja."

"Mimi sikukufundisha hivyo."

"Najua hukunifundisha hivyo." Alishusha sauti, akatuangalia sisi wawili kama anayetaka tutoke, halafu akaacha. "Nina wagonjwa sabini wa dawa hii. Vidonge hakuna. Mota nimeiombea barua tatu. Nikisimamisha pipa leo, keshokutwa wanaanza kuanguka mmoja mmoja, barabarani, jikoni, popote. Nisiposimamisha, wengine wanapata kali, wengine wanapata maji. Niambie kipi. Wewe utakalosema nitalifanya."

Mama Desimali aliinamia tena karatasi ya namba. Nilikuwa nasubiri jibu, maana yeye siku zote alikuwa na jibu.

"Wajaze kwa jagi," akasema mwishowe. "Kidogo kidogo. Wakoroge kila jagi."

"Nitawaambia. Wako wawili, na chupa mia mbili."

"Basi tupime kila chupa kabla haijatoka."

"Dawa za kupimia zinatosha chupa ngapi?"

Alijua zinatosha ngapi. Ziliwekwa kabatini kwake. "Kumi na tatu," akasema.

Wahudumu walitumia jagi siku nne, kisha wakarudi kwenye bomba. Siwalaumu, foleni ilikuwa inazunguka jengo. Mama Desimali akaandika barua, nakala tatu, na karatasi ya namba zetu imeambatishwa. Barua moja ilirudi na muhuri wa "imepokelewa". Nyingine mbili sijui zilikwenda wapi.

Nyumbani alimweleza mume wake, na Fundi, ambaye hakusoma hata darasa la nane, alielewa kabla hajamaliza.

"Yaani kama mteja mmoja suruali yake ni inchi arobaini na mbili, mwingine thelathini na mbili," akasema taratibu, kwa ule mdomo wake mzito, "halafu mimi nawashonea wote wawili thelathini na saba. Vitambaa vimetosha. Hakuna anayevaa."

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Na mkubwa wa duka anasema vitambaa vimetosha."

"Ndiyo."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. Mkewe hakucheka.

Akapima chupa ya mume wake. Ilikuwa mia na themanini na moja, ya mwanzo kabisa wa pipa, na ndiyo iliyokuwa inamlevya. Akapiga hesabu: ili apate mia moja ishirini na tano yake, anywe mililita tatu na nusu, si tano. Akakata kipande cha plasta, akaandika 3.5 kwa kalamu nyeusi, akakibandika kwenye chupa. Akamwita wifi yake, akamwonyesha bomba dogo la kupimia na mstari wenyewe.

"Wifi, lebo usiisome. Lebo inadanganya. Fuata hii plasta."

"Nimekuelewa, wifi. Plasta."

Baada ya siku nne Fundi aliacha kupepesuka. Macho yakatulia. Nilimpelekea shati, akanishonea vifungo huku ananitania kwamba mfamasia anayepoteza vifungo atapoteza na wagonjwa.

Dawa za kupimia zilizobaki, za chupa kumi na mbili, Mama Desimali hakuziweka. Alikwenda kusimama karibu na dirisha la dawa, akawa anawaomba watu chupa zao, anakwenda kuzipima, anarudi na plasta. Mama mmoja alimbusu mkono. Mzee mmoja alimkatalia, akidhani anataka kumwibia dawa. Watu kumi na wawili. Wa kumi na tatu alikuwa msichana aliyembeba mdogo wake mgongoni, akamwambia, "Na mimi nipimie, Mama." Hakuwa na cha kupimia. Akamwambia atikise sana chupa, ingawa alijua kutikisa hakuongezi kitu ambacho hakikuingia kwenye chupa. Siku iliyofuata uongozi ukamwomba kwa heshima asisimame tena pale dirishani, anawatia watu hofu.

Mwezi uliofuata alitumwa kusimamia mitihani ya vitendo kwenye chuo kingine, mwendo wa siku nzima. Jumatatu mpaka Alhamisi. Kabla hajaondoka alipiga hesabu ya chupa: imebaki nusu, mililita saba kwa siku, inatosha siku tisa. Huko msimamizi mwenzake akaugua, naye akaombwa akae mpaka Jumanne. Bado chupa ilikuwa inatosha kwa hesabu, kwa shida kidogo. Kila jioni alipiga simu.

"Wifi, amekunywa?"

"Amekunywa."

"Ngapi?"

"Tatu na nusu, kama ulivyosema."

Aliuliza kiasi. Hakuuliza chupa.

Ijumaa ile, wifi alipokuwa anakung'uta shuka, kiwiko kiligonga meza na chupa ikaanguka. Haikuvunjika, lakini dawa yote ilimwagika sakafuni. Aliona aibu. Wifi yake aliyekuwa anapima mpaka matone angemwambiaje? Akafuta sakafu, akachukua kadi ya kaka yake, akaenda hospitali mwenyewe, akapanga foleni kwa muda wa saa tatu, akapewa chupa mpya. Akarudi nayo nyumbani, akabandua ile plasta kwenye chupa tupu, polepole isichanike, akaibandika kwenye chupa mpya. Alifanya vile kwa uangalifu wote aliokuwa nao.

Jumatatu saa nne asubuhi Fundi aliangukia kwenye cherehani. Degedege halikukoma. Lilikuwa linaachia kidogo, linamshika tena. Jirani walimbeba kwa shuka mpaka hospitali, na ilichukua karibu saa nzima kabla sindano haijamtuliza. Mama Desimali alipigiwa simu, akasafiri usiku kucha, akafika Jumanne mchana. Mkoba haukuwa umeshuka begani alipoingia wodini. Mume wake alikuwa amelala macho wazi, hamtazami mtu.

Wifi alimwambia yote pale pale, kwenye kona ya wodi, akiwa amepiga magoti. Mama Desimali alimwinua. Akauliza chupa iko wapi. Dawa za kupimia za mtihani wetu zilikuwa zimefika wiki ile, akaenda nayo maabara. Mimi nilikuwepo, naosha vyombo. Hakunisalimia. Alipima mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akaandika. Themanini katika kila tano. Kisha chini yake: mililita tatu na nusu, miligramu hamsini na sita. Akalitazama hilo hamsini na sita. Mtu aliyehitaji mia moja ishirini na tano alikuwa amepewa hamsini na sita, siku tatu, kwa maagizo yake yeye. Lebo iliyodanganya ingefuatwa, angalau angepata themanini.

"Mwalimu," nikasema.

"Osha vyombo," akasema, si kwa ukali.

Fundi hakufa. Alirudi nyumbani baada ya wiki tano, lakini upande wa kulia haukumrudia, na maneno yakabaki matatu au manne, mengine akiyatamka mahali pasipohusika. Cherehani ikaingizwa ndani na kufunikwa. Kabla Fundi hajatoka wodini, Mfamasia Mkuu alikwenda kumwona. Alisimama miguuni mwa kitanda, kofia mkononi, Mama Desimali akiwa kando.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Ungefanya nini?" akamwuliza. Hakuwa anamsuta. Alikuwa anauliza kweli, kwa sababu usiku na mchana alikuwa ameutafuta mlango katika jambo lile na hakuuona. Mfamasia Mkuu naye hakuwa nao. Wakakaa wote wawili, wakazungumza juu ya vidonda vya mgongo na namna ya kuvizuia.

Wagonjwa wengine walipatwa na nini, hakuna ajuaye sawasawa. Msichana wa dirishani hatukumwona tena. Huenda alihama, huenda alikuwa anakuja siku nyingine. Wodini waliingia watu wa kifafa kumi na wanane miezi ile, na mwaka uliotangulia, miezi kama hiyo, waliingia saba. Mama Desimali aliandika hilo pia, akapeleka. Akajibiwa kwamba idadi ni ndogo mno kuthibitisha kitu. Aliniambia jibu hilo lilikuwa sahihi, angemfundisha mwanafunzi yeyote kujibu hivyo hivyo, na hilo ndilo lililomkata maini. Mota ilikuja baada ya miezi minane, wakaguzi walipokuwa wanatarajiwa.

Nilipofaulu nilikwenda kuwaaga. Wifi alifungua mlango. Alikuwa amekonda, na utani ulikuwa umehama nyumba ile. Tulikaa chumbani kwa mgonjwa, sisi watatu na yeye. Katikati ya mazungumzo ya kawaida, ya safari na kazi niliyopangiwa, wifi akamgeukia Mama Desimali, akamwuliza kama mtu anayeendeleza maneno yaliyoanza zamani:

"Lakini wifi, niambie leo mbele ya huyu mtoto. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Unasema hivyo kila siku. Mtu hawi hivi bila mtu kukosea."

Mama Desimali akavua miwani. Akaanza kumweleza: pipa, bomba, unga unaotuama, chupa ya kwanza na chupa ya mwisho. Alieleza vizuri, kwa maneno mepesi, vizuri kuliko alivyotueleza sisi. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa adabu.

"Kwa hiyo ni ile chupa niliyomwaga," akasema.

"Hapana, wifi. Siyo hiyo."

"Nisingeimwaga, angekuwa mzima."

Mama Desimali akanitazama, mimi niliyekuwa na cheti kipya kwenye begi, kana kwamba huenda mimi ninalo neno.  Kwa upande mmoja wifi alikuwa anasema kweli, na hakuna namba ya kumtoa pale.

Fundi akaguna. Zilikuwa zimetimia saa mbili tangu wamgeuze. Wale wanawake wawili wakainuka, mmoja akashika mabega, mwingine akashika miguu. "Haya, wifi," akasema mmoja, na wakamlaza upande wa pili.